Gari ni la kampuni, na nyinyi je?

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Texas, kwanza hongera. Wewe na mume wako mmeanzisha kampuni ya kuhudumia wazee majumbani, mna magari mawili, yote yameandikishwa kwa jina la kampuni hiyo, ambayo ni LLC, na yana bima ya biashara ya dola 1,000,000. Bima binafsi mliifuta kwa kuwa hamna gari lenu wenyewe. Unaniuliza kama mmefanya vizuri. Pesa mmeokoa kweli, ila kuna mahali mmebaki bila kinga kabisa, na wanandoa wengi wa kwetu huko Marekani wako hivyohivyo bila kujua.

Fungua ukurasa wa kwanza wa hati ya bima, pale palipoandikwa "Named Insured". Utakuta jina la kampuni peke yake. Lako halipo, la mumeo halipo. Mkiendesha magari ya kampuni hamna shida, kwa sababu mnayaendesha kwa ruhusa ya mwenye bima. Shida inaanza siku mnaposhika usukani wa gari jingine kwa shughuli zenu za nyumbani.

Chukulia kuna msiba Minnesota. Mumeo anapanda ndege, anakodi gari uwanjani kwa jina lake, na akitoka makaburini anamgonga mtu. Kampuni ya bima itasema huyu hakuwa kwenye gari tulilolikatia bima wala hakuwa kazini. Au wewe unaazima gari la shoga yako umpeleke bibi harusi ukumbini. Hapo unategemea bima ya shoga yako, na kama amekata kile kiwango cha chini cha sheria, Texas ni dola 30,000 kwa kila aliyeumia, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja na 25,000 kwa mali. Mtu akivunjika nyonga, akalazwa na kufanyiwa upasuaji, 30,000 haifiki popote. Kinachobaki anakudai wewe. Na LLC haikuokoi hapo: inakinga mali yako dhidi ya madeni ya kampuni, si dhidi ya kosa ulilolifanya mwenyewe barabarani.

Cha kumwomba wakala wako kinaitwa "Drive Other Car". Ni kipengele cha nyongeza kwenye bima ya biashara, na aghalabu bei yake ni ndogo ukilinganisha na bima yenyewe. Fomu inayotumika sana ni CA 99 10. Humo linaandikwa jina la mtu, na tangu hapo anakingwa akiendesha gari la kuazima au alilokodi mwenyewe. Mke au mume wa aliyetajwa naye yumo, mradi wanaishi nyumba moja.

Hapo kwenye nyumba moja ndipo ninapotaka utulie, mdogo wangu. Ni familia zetu ngapi huko ambazo mume yuko Dallas na mke anafanya unesi jimbo jingine, wanaonana mwisho wa mwezi? Ajali ikitokea, mkadiria hasara atauliza mtu analala wapi na bili ya umeme ina jina la nani. Usisubiri mabishano hayo. Taka majina yenu yote mawili yaandikwe, kila mtu kivyake, hata kama leo mnakaa pamoja.

Kijana wenu akiendesha gari la rafiki yake, ile sehemu ya kipengele hiki ya kuwalipa aliowaumiza haimfikii. Kinachomfikia ni matibabu na fidia ya kugongwa na dereva asiye na bima, tena kama mmezinunua. Zinunueni, kwa sababu zinawalinda hata mkigongwa mnavuka barabara kwa miguu. Na siku ukinunua gari kwa jina lako, kipengele hiki hakilihusu. Likatie bima yake.

Omba pia kinga ya uharibifu wa gari lenyewe, la sivyo bodi ya gari la kukodi ikibonyea mtalipa mfukoni. Wakala akikubali kwa simu, mwambie akutumie ukurasa wenye majina yenu, uusome kabla hujalipia. Akikwambia kampuni yake haitoi kipengele hicho, tafuteni bima ya dereva asiyemiliki gari, kila mmoja wenu yake. Inalipa madai ya watu, ila kwa kawaida hailipi gari ulilokodi, kwa hiyo mkikodi chukueni na ile kinga ya gari inayouzwa kaunta mnapokodi.