Macho Mekundu Baada ya Kuogelea: Jinsi ya Kukabiliana na Klorini Bwawani

Wakazi wengi wa Kisii na Nyamira wanaijua klorini kupitia maji ya mfereji na dawa ya kutibu maji ya kunywa nyumbani. Wanaoogelea mara kwa mara hukutana nayo kwa wingi zaidi. Maji ya mfereji hubaki na takriban miligramu 0.2 hadi 0.5 za klorini kwa kila lita, ilhali bwawa la kuogelea huhitaji kati ya miligramu 1 na 3. Ndiyo maana baadhi ya waogeleaji hutoka majini wakiwa na macho mekundu, ngozi inayowasha, pua inayochuruzika au kikohozi.

Kwa watu wengi hali hii si mzio halisi bali ni mwasho, na inaweza kudhibitiwa bila mtu kuacha kuogelea.

Harufu kali hutoka wapi?

Wengi hudhani bwawa linalonuka sana limetiwa klorini kupita kiasi. Mara nyingi sivyo. Klorini inapokutana na jasho, mkojo na mafuta ya mwili, huungana navyo na kuunda kemikali ziitwazo kloramini. Hizo ndizo hutoa harufu kali na kuchoma macho. Aidha, hutanda juu tu ya maji, mahali hasa ambapo mwogeleaji huvuta pumzi.

Kwa hivyo, kumwomba mhudumu apunguze dawa kunaweza kuleta madhara. Klorini ikipungua, vijidudu vya kuhara hupata nafasi. Kinachohitajika ni dawa ya kutosha na uchafu mdogo, na uchafu huo huletwa na waogeleaji wenyewe.

Kabla ya kuingia majini

- Nenda msalani, kisha uoge kwa angalau dakika moja. Wazazi wawatoe watoto majini kila baada ya saa moja waende msalani.
- Lowesha nywele kwa maji safi na uvae kofia ya kuogelea. Nywele zilizokwisha kulowa hufyonza maji kidogo ya bwawa.
- Vaa miwani ya kuogelea inayobana vizuri. Anayetumia lenzi za macho azitoe kwanza.
- Mwenye ukurutu ajipake mafuta mepesi yasiyo na manukato mahali panapowasha, baada ya kuoga.
- Muulize mhudumu vipimo vya siku hiyo. Mbali na klorini, pH inafaa kuwa kati ya 7.2 na 7.8. Machozi ya binadamu yana pH ya takriban 7.4, hivyo maji yaliyo mbali na kiwango hicho huchoma macho hata kama klorini ni sawa.

Baada ya kutoka

Oga mara moja kwa maji safi na sabuni isiyo kali, vua nguo ya kuogelea, kisha jipake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Usisugue macho, yaoshe kwa maji safi.

Wakati wa kumwona daktari

Mwenye pumu anafaa kuweka dawa yake ya kuvuta karibu na bwawa, wala si nyumbani. Akianza kukohoa au kubanwa na kifua, atoke majini, aende penye hewa safi na atumie dawa hiyo. Asipopata nafuu, apelekwe hospitalini bila kuchelewa. Maumivu ya macho, kutoona vizuri au vipele visivyoisha kwa siku kadhaa pia vinahitaji uchunguzi. Mweleze daktari kuwa unaogelea, na kama dalili hupungua unapopumzika. Habari hiyo humsaidia kutambua chanzo.

Wajibu wa wenye mabwawa

Wahudumu wanashauriwa kupima maji mara kadhaa kwa siku, kuongeza dawa wakati hakuna mtu majini, kusafisha vichujio na kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara. Klorini isichanganywe kamwe na asidi, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Kukimbilia mtoni au ziwani si suluhisho. Mto Gucha huwa na mkondo mkali wakati wa mvua, na Ziwa Victoria lina kichocho. Bwawa linalotunzwa vyema bado ni mahali salama zaidi pa kujifunzia kuogelea, ujuzi unaoweza kuokoa maisha.

Mkazi akikuta bwawa la umma lenye harufu kali kila siku, maji yasiyoonyesha sakafu au mhudumu asiye na vipimo, asiingie majini, na amjulishe afisa wa afya ya umma katika kaunti ndogo yake.