Meno Mawili, Spishi Ngapi?

Sisi tunaosoma baiolojia huwa tunalalamika: kozi ya takwimu ya nini? Jibu mojawapo liko Montana, Marekani, kwenye machimbo ya Gidley. Humo mna visukuku vya mamalia wadogo wa enzi ya Paleosini, walioishi zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, baada ya dinosaria kutoweka. Kiunzi kizima ni nadra. Kinachobaki sana ni meno na vipande vya taya, maana enameli ni ngumu kuliko mfupa.

Sasa, ukikuta meno mawili yanayopishana urefu, je, ni spishi mbili, au ni kama mimi na wewe tusiolingana kimo? James W. Gidley alifariki mwaka 1931 kabla ya kukamilisha utafiti wake. George Gaylord Simpson aliumalizia, akauchapisha mwaka 1937, akitumia takwimu: pima meno mengi ya nafasi ileile, mfano ya Ptilodus, tafuta wastani, kisha tazama mtawanyiko. Vipimo vikizunguka wastani mmoja, usikimbilie kutoa jina jipya. Vikijitenga makundi mawili, angalau una pa kuanzia kuuliza.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kipindi cha takwimu usisinzie. Bila mtawanyiko, kila jino lingepewa jina lake.