Tovuti ya kikundi cha biashara: mambo ya kukubaliana kabla ya kumlipa fundi



Tangu kikundi kimoja tunachokisindikiza hapa Nyunzu kilipofungua ukurasa wake kwenye intaneti, vikundi vingine vinatuuliza kama navyo vinaweza. Jibu letu la kwanza ni swali: mnunuzi wenu yuko wapi? Kama ni jirani anayekuja sokoni kwa miguu, tovuti haitamleta mara mbili. Bora pesa hiyo mnunue mzani. Lakini kama mnataka kumfikia mfanyabiashara wa Kalemie, wa Lubumbashi au wa Kigoma ng'ambo ya ziwa, ambaye hawajui wala hajawahi kushuka kituo cha treni cha Nyunzu, hapo tuendelee.

Katika somo hili hatufundishi ufundi wa kompyuta. Fundi akilipwa atafanya kazi yake. Tunataka kuzungumza juu ya kazi ambayo yeye hawezi kuwafanyia.

Kikundi tunachokisema kina Batwa na Baluba, nacho kinauza asali na karanga. Kila msomaji wa teritwari hii anajua uzito wa maneno hayo. Tarehe 30 Aprili 2015 kambi ya wakimbizi wa ndani ilishambuliwa hapa hapa Nyunzu. Mwaka 2016 mabishano juu ya kodi ya viwavi vinavyoliwa yalichochea mapigano upya katika jimbo letu la Tanganyika, na kufikia 2017 watu zaidi ya 500,000 walikuwa wamehama makwao. Mapatano yalifanyika Kalemie Februari 2017, ila hayakumaliza yote. Kwa hiyo watu waliokosana kwa ajili ya viwavi wanaweza kukosana kwa ajili ya chupa ya asali, na hata kwa ajili ya picha ya hiyo chupa.

Tuanze na mnunuzi. Anapofungua ukurasa anatafuta mambo manne: mnauza nini, mnacho kiasi gani, bei ni ngapi, ampigie nani. Ayaone yote bila kuhangaika. Historia ya kikundi na hotuba ya mwenyekiti zinaweza kukaa chini, au zisiwepo. Fundi wetu wa kwanza alituletea ukurasa wenye picha kubwa sita na maua yanayocheza pembeni. Kwenye kompyuta yake ulipendeza sana. Tulipoufungua Nyunzu kwenye simu ya mama mmoja wa kikundi, tulisubiri, tukasubiri, mega zikaisha kabla ya namba ya simu kuonekana. Picha moja ya simu inaweza kuwa na megabaiti 4. Fundi anaweza kuipunguza mpaka kilobaiti 100, yaani mara arobaini, na asali bado itaonekana ni asali. Mwambieni afanye hivyo, na msimlipe salio mpaka ukurasa ufunguke kwenye simu ya bei ndogo, mahali mnapoishi. Namba ya simu nayo iandikwe kwa maandishi ya kawaida, si ndani ya picha, ili mtu aibonyeze tu na kupiga.

Bei iwekwe pamoja na tarehe yake. Mvua ikinyesha na barabara ikiharibika, bei ya usafiri inapanda, na mnunuzi aliyesoma bei ya zamani atasema mmemwibia. Vipimo viwe kilo na lita, kwa sababu vipimo vya makopo vinabadilika toka soko hadi soko. Msiahidi siku ya kufikisha mzigo kama hamna gari.

Sasa tufike kwenye jambo lililotuchukua majuma matatu. Fundi alitaka picha ya mama Mutwa akiwa msituni na mzinga kichwani, na chini yake neno lile la dharau ambalo wageni huwaitia Batwa. Alisema wazungu watapenda. Wanachama Batwa walikataa, na sisi tuliona wana haki: mtu anayeuza asali hauzi sura yake. Kisha maandishi nayo yalileta shida. Rasimu ilisema Batwa wanaleta asali na Baluba wanalima karanga. Ilionekana ni sentensi nzuri ya amani, hata sisi tuliipitisha. Mama mmoja Mutwa akauliza, "Na shamba langu la msimu huu nililima na nani?" Watu walicheka, lakini hakuwa anatania. Ukurasa ungetangaza kwa dunia nzima kwamba Batwa hawalimi, na katika teritwari ambamo ardhi bado inagombewa, maneno kama hayo yanaweza kurudi siku moja barazani kama ushahidi. Leo ukurasa unasema tu kwamba asali na karanga ni za wanachama wa kikundi. Picha ni tatu: chupa ya asali iliyochujwa, gunia la karanga lililofunguliwa, na mzani.

Kuna na sababu ya usalama. Tovuti inasomwa na kila mtu, si wanunuzi peke yao. Miongoni mwenu wapo waliomkimbia mtu fulani, naye bado anawatafuta. Msiweke sura wala jina la mtu bila yeye kukubali, na picha za watoto ziachwe kabisa. Msiandike ghala liko wapi, wala siku ya kugawana pesa.

Namba ya simu kwenye ukurasa ni ya nani? Hapa vikundi vingi vinateleza. Anayeshika simu ndiye anayejua nani amepiga na kiasi gani kimeingia kwenye M-Pesa au Airtel Money. Akiwa wa upande mmoja tu, hata akiwa mwaminifu, upande wa pili hautalala. Kikundi hiki kilinunua simu yake yenyewe. Inashikwa na watu wawili, mmoja wa kila upande, na kila simu ya mnunuzi inaandikwa daftarini. Daftari husomwa mbele ya wote siku ya mkutano. Ni kazi ya kuchosha, na mara mbili tumekuta kurasa tupu.

Mwisho ni jina la tovuti na neno la siri. Jina, liwe linaishia .cd ya nchi yetu au vingine, hulipiwa kila mwaka. Usipolipa, mwingine anaweza kulichukua. Liandikishwe kwa kikundi, si kwa fundi wala kwa shirika letu, maana miradi huisha na sisi huhama. Neno la siri liandikwe katika bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili, iwekwe kwa mtu ambaye wote wanamwamini.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi: Mnunuzi wetu wa mbali ni nani, na tumekwisha kuzungumza na hata mmoja? Nani ataisoma rasimu kwa sauti mbele ya wale wasiojua kusoma? Tukigombana kesho, bahasha itakuwa kwa nani?