Mbwa wa Kunusa wa Rumangabo

Mtu akipita njiani huacha harufu yake. Vipande vidogo sana vya ngozi yake huanguka juu ya majani na udongo. Sisi hatuvioni wala hatuvinusi, lakini mbwa huvinusa. Tena kila mtu ana harufu yake, kama vile kila mtu ana uso wake.

Rumangabo iko Rutshuru, kando ya barabara itokayo Goma. Huko yalijengwa makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Kazi ya kulinda wanyama wake ni ya hatari: walinzi zaidi ya 200 wamekufa kazini. Mwaka 2011 walinzi wengine walianza kufundishwa kufanya kazi pamoja na mbwa wa kunusa. Mwalimu wao alikuwa Marlene Zähner, daktari wa wanyama kutoka Uswisi.

Mbwa hao ni wa aina iitwayo Saint-Hubert, jina la abasia moja ya Ubelgiji. Ni wakubwa, na masikio yao ni marefu, yananing'inia. Pua zao hushinda za mbwa wengi.

Je, mtoto wa mbwa hufundishwaje? Kwanza huanza kwa mchezo. Mtu anayempenda humwonyesha kipande cha nyama, kisha hukimbia na kujificha nyuma ya kichaka. Mbwa humfuata. Akimpata, hupewa nyama na kusifiwa sana.

Siku nyingine haonyeshwi mtu anayejificha. Hunusishwa nguo yake tu, kisha huambiwa atafute. Polepole njia huwa ndefu zaidi. Baadaye watu wengine huikata njia ile, naye hujifunza kufuata harufu moja tu. Kila akienda kazini huvalishwa mkanda wa kifuani wenye kamba ndefu. Akiuona mkanda ule, hujua kwamba saa ya kazi imefika.

Mbwa huyu hapigwi. Mbwa aliyepigwa huogopa, na mwenye kuogopa humtazama bwana wake badala ya kufuata harufu. Akikosea, hurudishwa mwanzo, naye hujaribu tena.

Mlinzi naye ana somo lake. Pengine yeye adhani kwamba mtu alipita kushoto, na mbwa avuta kulia. Akimlazimisha mbwa kwenda kushoto, njia itapotea. Mbwa ndiye mwenye pua. Basi mlinzi na amfuate.

Mwaka 2012 walinzi walimkuta tembo ameuawa, na meno yake yamekatwa. Mbwa wakaletwa mahali pale. Wakafuata harufu kilomita nyingi hata kufika kijiji cha wavuvi. Watu walioshukiwa walikimbia, wakaacha bunduki zao.

Mbwa wa kazi hutaka kutunzwa kila siku. Hupewa chakula cha kutosha na maji safi. Masikio yake hukaguliwa na kusafishwa, maana masikio marefu huugua upesi. Huondolewa kupe, na huchomwa sindano ya kumkinga na kichaa cha mbwa.

Labda nyumbani kwenu mna mbwa. Usimtupie mawe. Umwite kwa jina lake, umpe maji, umfundishe jambo moja kwa upole, na umsifu akilifanya vema. Utaona jinsi atakavyojifunza upesi.

MASWALI
1. Mtu akipita njiani huacha nini?
2. Mtoto wa mbwa hufundishwa nini kwanza?
3. Kwa nini mbwa wa kunusa hapigwi?
4. Mlinzi afanye nini mbwa akivuta upande asioudhania yeye?
5. Eleza jinsi wewe ungemtunza mtoto wa mbwa.