Oksijeni asilimia 97, mbona wanataka kumwekea mpira?

Swali: Daktari, baba ana saratani ya zoloto. Kipimo cha kidoleni kinaonyesha oksijeni asilimia 97, lakini madaktari wanazungumzia kumwekea mpira wa kupumulia mapema. Wanajuaje kwamba atauhitaji?

Jibu: Hiyo 97 isikutulize. Uvimbe unapoziba njia ya hewa, oksijeni huchelewa kushuka, na ikishaanza muda uliobaki ni mfupi. Ndiyo maana tunamtazama na kumsikiliza mgonjwa kuliko kusoma namba. Anayehema akipanda ngazi tu bado ana nafasi. Akitoa mlio mkali kila avutapo pumzi, naye ameketi tu, mara nyingi njia imebaki na upana wa milimita 5 hivi. Hapo uvimbe kidogo, hata wa mafua, una madhara makubwa: kipenyo kikipungua nusu, ukinzani wa hewa hupanda mara 16 au zaidi.

Analalaje? Kushindwa kulala chali, kushtuka usiku akikabwa, mate kumtoka, shingo kubonyea anapovuta pumzi: yote hayo yanahimiza haraka. Na mlio ukififia huku anasinzia, msishangilie, amechoka.

Kamera nyembamba ya puani huonyesha nafasi iliyobaki. CT husaidia pia, mradi aweze kulala. Binafsi napendelea uamuzi ufanywe mchana, timu ikiwa kamili, kwani wakati mwingine mpira haupiti kabisa, na lililo salama ni kumtoboa shingoni kwa ganzi, akiwa macho. Waulizeni leo kama wamelipanga hilo.