SOMO LA SAFARI: BAISKELI, KIVUKO NA MPAKA



Ndugu wanafunzi, wengi wetu tumesikia habari za waendesha baiskeli wanaotoka Dar es Salaam kwa makundi hadi Butiama kumkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Je, kundi kama hilo laweza kutoka Butiama likaenda Kenya na kupita ziwani? Ndiyo, laweza. Lakini safari hiyo ina elimu yake, na sehemu moja ya elimu hiyo ni ya kufa na kupona.

NJIA YENYEWE

Kutoka Butiama kundi litafika Musoma, kwenye mwalo wa Mwigobero, na kuvuka kwa kivuko hadi Kinesi, wilaya ya Rorya. Kutoka Kinesi litaendesha hadi Utegi, kisha Tarime na Sirari, ambako ndiko mpakani. Ng'ambo ya pili ni Isebania. Baada ya Migori na Homa Bay litafika Mbita, na hapo kivuko kingine kitalipeleka Luanda Kotieno, kisha Bondo na Kisumu.

Wazee wetu walikwenda Kisumu kwa meli moja kwa moja. Meli za shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki zilizunguka ziwa lote, na Musoma ilikuwa kituo chake. Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Wakurya na Wajaluo wenye ndugu pande zote mbili wanakumbuka shida ile. Mkataba wa Jumuiya ya sasa ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Hata hivyo, mpaka bado ni mpaka. Kila mmoja awe na pasipoti au hati ya safari kutoka Uhamiaji, na mwanafunzi mdogo awe na barua ya mzazi.

KISA CHA WATU WA CHOMBO

Darasani tumesoma mfano wa watu waliopanda chombo, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa tundu ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote.

Mfano huu tumeuona katika ziwa letu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi, na watu zaidi ya 800 walifariki. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba abiria 101, lakini waliofariki peke yao walizidi 200. Ufukwe ulikuwa unaonekana kwa macho. Bila shaka wapo walioona kuwa watu ni wengi, wakasema, "Si karibu tu?"

Kwa nini chombo kilichojaa hupinduka? Uzito ukizidi, chombo huzama zaidi majini. Watu na mizigo wakikaa juu, chombo huyumba kwa urahisi. Na wote wakikimbilia upande mmoja ili washuke haraka, hulala upande huo na hakirudi.

MAMBO YA KUFUATA

1. Chagueni kiongozi kabla ya kuondoka. Neno lake lifuatwe, hasa akisema, "Hatupandi."

2. Pigeni hesabu. Watu 20 wa kilo 60 ni kilo 1,200. Baiskeli na mzigo wake zikiwa kilo 30, zote 20 ni kilo 600. Jumla ni kilo 1,800, karibu tani mbili. Mwambieni mhudumu wa kivuko mapema, msijipenyeze.

3. Shukeni kwenye baiskeli kabla ya kufika kwenye lango la chuma, msukume kwa mkono. Fungueni mizigo ya keria, muiweke chini, na baiskeli zifungwe kwa kamba.

4. Ulizeni majaketi ya kujiokolea yako wapi, na mjifunze kuyavaa kabla chombo hakijaondoka.

5. Kivuko kikifika, bakini mahali penu hadi kifungwe gatini.

6. Mkiona kimejaa, semeni kwa adabu, kisha msubiri kingine. Kwa Kinesi ipo pia njia ya nchi kavu, kupitia daraja la Kirumi kwenye Mto Mara. Ni ndefu zaidi, lakini kuchelewa si kupotea.

HITIMISHO

Wapo wanaodhani kuwa kukataa kupanda ni upungufu wa tawakkul. Sivyo. Yule bedui aliambiwa amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Wenzetu wa Bunda wanaovuka Kisorya kwenda Rugezi, nanyi mnaovuka Mwigobero kila wiki, somo hili ni lenu hata kama hamna baiskeli.

MASWALI

(a) Taja vivuko viwili vilivyo katika njia ya Butiama hadi Kisumu.
(b) Kundi la watu 12 lenye baiskeli 12 litaongeza uzito gani katika kivuko?
(c) Mwenzako anasema, "Tupande tu, ni karibu." Utamjibu nini?

Wabillahi tawfiq.