Wimbo Kabla ya Maneno
Kijitabu cha elimu kwa familia, walimu na viongozi wa kwaya wa Tenke

Kama nyumbani kwenu kuna mtoto wa miaka mitano asiyeitika jina lake, lakini jirani akifungua redio anasogea ukutani na kuanza kuyumba kwa kufuata mapigo, kijitabu hiki ni chenu. Ni cha mama pia ambaye tangu mwanawe afukiwe na udongo shimoni hasemi zaidi ya maneno mawili kwa siku, ila Jumapili kwaya ikisimama midomo yake hucheza kidogo. Hawa wawili hawana hali moja. Mtoto huenda ana usonji, yaani ubongo wake umekua kwa namna yake tangu mwanzo, na ataishi hivyo. Mama amevunjwa na msiba, na anaweza kupona. Tumewaweka ukurasa mmoja kwa sababu wote wawili wanauitika wimbo kabla ya kuitika maneno. Msaada unaweza kuanzia hapo.

Si kumwekea mgonjwa redio

Wengi wakisikia habari za tiba ya muziki hudhani ni kumfungulia mgonjwa nyimbo nzuri ili atulie. Kusikiliza kuna faida yake, lakini tiba yenyewe ni kazi ya watu wawili au zaidi. Mtaalamu aliyeisomea humchunguza mtu kwanza, kisha hupanga lengo: mtoto aweze kungoja zamu yake, au kijana aweze kukaa na wenzake nusu saa bila kukimbia. Baada ya hapo hutumia mapigo, sauti, ala au utunzi kulifikia lengo hilo, na kila kikao kikiisha huandika kilichobadilika. Hakuna anayepimwa kwa uzuri wa sauti yake.

Kazi hii ilianza kufundishwa katika chuo kikuu cha Marekani mwaka 1944. Kwa upande wa watoto wenye ulemavu, watu wanaokumbukwa zaidi ni Paul Nordoff, mtunzi wa muziki Mmarekani, na Clive Robbins, mwalimu Mwingereza, walioanza kufanya kazi pamoja mwaka 1959. Nordoff alikaa kwenye piano na hakumfundisha mtoto chochote. Alimsikiliza. Mtoto akilia, piano iliishika sauti ya kile kilio na kukigeuza wimbo. Akigonga meza, piano iliyafuata mapigo yake. Pengine ilikuwa mara ya kwanza katika maisha ya mtoto huyo kwa mtu mzima kumfuata yeye, badala ya kumvuta.

Bidoni moja, robo saa

Hapa Tenke hatuna piano barazani, na haihitajiki. Chukua bidoni tupu ya njano ya mafuta, uketi chini na mtoto, bidoni iwe katikati yenu. Zima redio na simu. Usimwite, usimshike mkono, usimwonyeshe namna ya kupiga. Ngoja. Akigonga mara moja, nawe gonga mara moja kwa nguvu ileile. Akiharakisha, harakisha naye. Akinyamaza, nyamaza naye, hata kimya kikiwa kirefu. Akitoa mlio kwa kinywa, urudishe mlio huohuo kwa upole.

Siku ya kwanza huenda asikutazame kabisa, na utajiona unapoteza muda ambao ungeteka maji. Rudi kesho saa ileile, mahali palepale. Baada ya siku au majuma kadhaa kuna watoto wanaogundua kwamba mkono wao ndio unaoongoza. Mtoto hugonga, akasita, akachungulia kuona kama utajibu. Mzazi akiona jicho lile amepata jambo kubwa, kwa sababu mazungumzo yote ya binadamu yamejengwa juu ya hilo: mimi, halafu wewe. Anayejifunza kungoja zamu kwenye bidoni anajifunza kitu kilekile atakachokihitaji kuomba maji au kumsalimu nkambo wake.

Yakishazoeleka hayo, ongeza wimbo wa kazi: wimbo mfupi sana wa kunawa, mwingine wa kuvaa, mwingine wa kwenda kulala. Maneno yawe yaleyale kila siku. Mtoto mwenye usonji, na mara nyingi mtoto mwenye ulemavu wa akili pia, huteseka anapotolewa ghafla kwenye jambo moja na kupelekwa jingine. Wimbo humpasha habari mapema. Na utungeni kwa lugha ya nyumba. Tenke ni mahali reli inapogawanyika, njia moja ikielekea Kamina na nyingine Kolwezi, Dilolo na hatimaye bandari ya Lobito, kwa hiyo tumekusanyika hapa Wasanga, Waluba, Walunda, Wachokwe na wengine wengi. Mtoto aliyebembelezwa kwa Kilunda asilazimishwe wimbo wa Kiswahili ati kwa kuwa ndio lugha ya masomo.

Angalieni masikio yake. Baadhi ya watoto hawa husikia honi ya treni, mlipuko wa mgodini au spika ya baa kama kisu. Akiziba masikio na kupiga kelele, si utukutu wala si pepo, sauti inamuumiza. Msogeze mbali, kisha umngoje mpaka arudi mwenyewe.

Utafiti umeona nini, na nini haujaona

Tunapenda muziki, na kwa sababu hiyohiyo tunapaswa kuwa wakweli. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa lililowahusisha watoto 364 wenye usonji katika nchi 9. Nusu walipata vikao vya muziki kwa miezi mitano juu ya huduma yao ya kawaida, nusu hawakupata. Ukali wa dalili za usonji haukuonekana kutofautiana. Mwaka 2022 uchambuzi uliokusanya tafiti 26, zenye washiriki 1,165, ulileta picha yenye matumaini zaidi: waliopata tiba ya muziki walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuonekana wana nafuu kwa jumla, na maisha yao yaliboreka kidogo, lakini upande wa kuzungumza na kuhusiana na watu, tofauti haikuwa wazi. Kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba ngoma zake zitamwondolea mwanao usonji, na anataka fedha, mkatalie. Muziki unaweza kuwapa ninyi na mtoto njia ya kukutana, na nyumba nyingi zinakosa hata hiyo.

Kwa wagonjwa wa skizofrenia, wale wanaosikia sauti zisizosikiwa na wengine au kujifungia mbali na watu, uchambuzi wa mwaka 2017 wa tafiti 18 uliona kwamba tiba ya muziki huwasaidia kupata nafuu na kurudi kwa watu, ikiongezwa juu ya matibabu ya kawaida. Shikeni neno hilo, ikiongezwa. Tutalirudia.

Wanawake wa Mulamba

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote uko katika nchi yetu wenyewe, Kivu Kusini. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, imewatibu maelfu ya wanawake waliotendewa ukatili wa vita. Madaktari walishona miili. Lakini mwanamke aliyepona jeraha aliweza kurudi kijijini na bado asilale usiku. Mwaka 2015 ukaanza hapo mpango wa muziki kwa ushirikiano na shirika la Kanada liitwalo Make Music Matter. Wanawake hukutana kwa kikundi, pamoja na mwanasaikolojia na fundi wa kurekodi. Wanasimulia kwa kadiri wanavyotaka, simulizi inageuka beti, beti zinaimbwa, wimbo unarekodiwa studioni, kisha watu wengine wanausikia.

Hatua ile ya mwisho ndiyo inayotugusa zaidi. Mwanamke aliyekuwa akinong'onwa nyuma ya mgongo sasa anasikika kama mtunzi. Aibu aliyobebeshwa peke yake imekuwa wimbo ambao jirani anaujua na kuuimba akitwanga.

Mpango ulipofika Mulamba, kijiji kilicho Walungu, watafiti walifuatilia wanawake 167 walioingia kwa vikundi sita, kimoja baada ya kingine kila miezi mitatu. Walipima wasiwasi, sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na kiwewe, yaani ile hali ya jambo la kutisha kuendelea kumrudia mtu kana kwamba linatokea sasa. Vyote vitatu vilipungua, na nafuu ilikuwa bado ipo miezi sita baada ya vikao kwisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Wengi wa wanawake hao wanaishi kwa jembe, mbali na mji, kama tunavyoishi wengi wetu.

Lualaba, mkoa wetu, haina vita ile. Ina mashimo yanayoanguka, ina familia zilizohamishwa mashamba yao yakawa mgodi, ina vijana wachimbaji waliomfukua mwenzao kwa mikono. Kikundi cha wajane watano chini ya mwembe, na simu moja yenye kinasa sauti, kinaweza kuanza kwa hatua zilezile, mradi muuguzi au mshauri aliyefunzwa awe karibu. Bila mtu huyo msifungue vidonda. Wimbo wa matanga unaweza kumrudisha mtu pale shimoni dakika hiyohiyo, na asiwepo wa kumtoa.

Ngoma tuliyorithi

Kuna atakayeuliza kama haya ni mambo ya kizungu. Katika lugha nyingi za Kibantu, "ngoma" ni chombo, ni mchezo na ni uganga kwa pamoja. Mmarekani John Janzen aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1992. Kabla yake Victor Turner, aliyekaa miaka ya 1950 na Wandembu wa upande wa pili wa mpaka, ndugu wa Walunda wetu, alieleza jinsi mgonjwa alivyowekwa katikati, jamaa na majirani wakimzunguka kwa ngoma, na magomvi ya kijiji yaliyofichwa yakatolewa hadharani. Hatusemi kila kitu cha zamani kirudishwe. Tunasema wazee walijua kwamba mgonjwa asiachwe peke yake, na kwamba watu wake nao wana la kutengeneza.

Tumieni muziki ambao mtu aliupenda kabla ya kuugua. Mzee anayesahau majina ya wanawe huenda akamaliza wimbo wote wa gitaa wa Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, humuhumu katika teritwari yetu ya Lubudi, aliyerekodiwa Likasi mwaka 1952 enzi mji ukiitwa Jadotville. Kijana atataka rumba ya sasa. Mwingine ametulia akiwa na kisanji mapajani, na haimbi kitu. Mwacheni nacho.

Mkesha, minyororo na vidonge

Sehemu hii tunaomba isomwe kwa sauti kanisani.

Mgonjwa wa kifafa asipolala, kifafa humjia kwa urahisi zaidi. Mtu ambaye akili yake imepanda, anayesema mfululizo na kutembea usiku kucha, kukosa usingizi humzidishia. Kwa hiyo mkesha wa ngoma na spika, hata ukifanywa kwa upendo wote, unaweza kumharibu mtu mliyemleta apone. Mwombeeni mchana, kwa sauti ya chini, naye usiku alale. Asifungishwe chakula wala asikatazwe vidonge: kumbukeni neno lile, muziki huongezwa juu ya matibabu. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla inaweza kuleta kifafa kisichosimama, na hicho huua.

Mnyororo si tiba. Lubumbashi kuna kituo cha magonjwa ya akili chenye jina la Joseph Guislain, kikiendeshwa na watawa wa Frères de la Charité. Guislain alikuwa daktari Mbelgiji wa karne ya 19 aliyepigania wagonjwa wa akili watendewe kama watu. Kumwita mtoto mchawi kwa sababu hasemi, au anaanguka, au anajitenga, ni kosa: sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Mchungaji naye yumo, na mzazi yumo.

Kwa kiongozi wa kwaya

Una kitu ambacho hospitali haina: watu thelathini wanaokutana kila juma na kupumua pamoja. Mpe mgonjwa nafasi safu ya nyuma, karibu na mlango, ajue anaweza kutoka bila kuulizwa. Mpe kazi ndogo ya kweli, kayamba au kugawa vitabu vya nyimbo. Usimsimamishe atoe ushuhuda. Akikosa juma moja, atumwe mtu mmoja anayempenda, si kundi. Akisema anataka kufa, usimwachie wimbo kazi hiyo: kaa naye, ondoa dawa za shamba na kamba karibu yake, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo.

Daftari

Nunueni daftari moja la masomo. Kila mara mnapokaa na muziki andikeni tarehe, saa mliyoanza, mlichopiga au kuimba, na jambo moja mliloliona kwa macho: alinichungulia mara mbili; alilia wimbo wa tatu ulipoanza; alilala saa tatu usiku bila kuamka. Msiandike "alifurahi" kama hamkuona dalili yake. Andikeni pia siku alizomeza dawa na siku alizoanguka kifafa. Baada ya mwezi lipelekeni kwa muuguzi wa kituo cha afya, mketi mlisome naye ukurasa kwa ukurasa.